Mafaili Matatu ya Mtoto Mmoja



Katika nchi ambazo serikali zake hupenda kuandika, mtoto huanza kuandikwa hata kabla hajapewa jina. Hospitali huandika uzito wake na majuma aliyokaa tumboni mwa mama yake. Akifika umri wa kusoma, shule humfungulia faili lake. Na nyumbani kukiwa na matatizo, idara ya ustawi wa jamii nayo hufungua la kwake. Mafaili matatu, mtoto mmoja, na kila faili katika kabati lake.

Suala la juma hili ni hili: je, inafaa mafaili hayo yaunganishwe ili wataalamu wayasome na kujifunza? Nachukua mfano wa Uingereza, kwa sababu wenzetu wale wamelijaribu jambo hili kwa njia zaidi ya moja, na wameonja utamu wake na uchungu wake.

Tuanze na utamu. Mwaka 2010 wataalamu wa Scotland walitangaza matokeo ya uchunguzi uliohusu wanafunzi 407,503. Walichukua kumbukumbu za kuzaliwa kwao, wakazilinganisha na kumbukumbu za shule. Ilikuwa inajulikana siku nyingi kwamba mtoto njiti anaweza kupata shida darasani. Jipya lilikuwa kwamba hata waliozaliwa kati ya juma la 37 na la 39, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa wametimia, walihitaji msaada maalumu wa masomo mara nyingi zaidi kuliko waliozaliwa juma la 40. Hatari kwa mtoto mmoja mmoja ilikuwa ndogo, lakini watoto wa namna hiyo ni wengi. Kwa hiyo, miongoni mwa wote waliohitaji msaada huo, asilimia 5.5 walihusishwa na kuzaliwa mapema kidogo, wakati njiti walikuwa asilimia 3.6 tu.

Msikilizaji, mkunga asingeweza kuliona hilo, maana mtoto akishatoka wodini habari zake kwa mkunga zimekwisha. Mwalimu naye asingeliona, kwa kuwa hajui mwanafunzi wake alizaliwa juma la ngapi. Limeonekana pale tu makaratasi ya wawili hao yalipowekwa pamoja. Na faida yake ni dhahiri: daktari anayepanga siku ya upasuaji wa kujifungua, pasipo dharura yoyote, sasa anayo sababu ya kusubiri juma moja zaidi.

Kazi hiyo hufanywaje bila ya kuanika siri za watu? Utaratibu mzuri ni huu. Ofisi moja hupewa majina, tarehe za kuzaliwa na anwani, basi. Hiyo hulinganisha, kisha kila mtoto hupewa namba isiyo na maana yoyote. Mtafiti hupata namba hiyo pamoja na habari za ugonjwa na masomo, wala jina halioni. Husomea mahali palipofungwa, na hesabu zake hukaguliwa kabla ya kutoka nje.

Hata hivyo, kompyuta nayo hukosea. Mtoto akiandikwa Mohamed hospitalini na Muhammad shuleni, au jina la babu likichukuliwa kuwa jina la ukoo, huweza kuonekana ni watoto wawili. Hali kadhalika wale ambao wazazi wao huhama kila mara kutoka chumba hiki cha kupanga hadi kile. Basi wanaodondoka katika hesabu mara nyingi ni watoto wa maskini na wa wageni, yaani wale wale tuliotaka kuwafahamu.

Wapo watakaouliza: majina yakishafutwa, mtoto anayeteswa ataokolewaje? Swali ni la haki. Mwezi Februari mwaka 2000 alifariki mjini London mtoto wa miaka 8, Victoria Climbié, mzaliwa wa Ivory Coast, baada ya kuteswa na jamaa aliyekabidhiwa amlee na mwanamume aliyeishi naye. Uchunguzi wa Lord Laming, uliotolewa mwaka 2003, ulionyesha kwamba idara nne za ustawi wa jamii, hospitali mbili na vikosi viwili vya polisi vya kulinda watoto vilikuwa na habari zake. Kila mmoja alishika kipande, asiwepo wa kuviunganisha.

Serikali ikajibu kwa kutengeneza daftari la kompyuta lililoitwa ContactPoint, la watoto wapatao milioni 11, lenye majina na anwani zao, na ambalo lingefunguliwa na watumishi zaidi ya 300,000. Lilianza kutumika mwaka 2009, likafungwa Agosti 2010. Wengi waliuliza: siri inayoshikwa na watu laki tatu ni siri gani? Kuokoa mtoto mmoja ni kazi ya mtumishi mwenye jina la mtoto huyo mkononi na ujasiri wa kubisha hodi. Kujifunza kutokana na watoto laki nne ni kazi nyingine, na haihitaji jina hata moja. Ukizichanganya, zote mbili zinaharibika.

Uchungu mwingine ulitoka upande wa shule. Mwaka 2015 Wizara ya Elimu ya Uingereza ilikubaliana na Wizara ya Mambo ya Ndani kuipatia habari za hadi wanafunzi 1,500 kila mwezi, ili kuwasaka watu wasio na vibali vya kuishi nchini. Wananchi walikuja kulijua hilo mwaka 2016, mwaka ule ule shule zilipoanza kuuliza uraia wa watoto. Wazazi na walimu walipinga, na mwaka 2018 swali hilo likaondolewa. Lakini mzazi aliyekwisha kuogopa ataandika anwani ya uongo, au hatampeleka mtoto kliniki. Na mtafiti atahesabu uongo huo kwa uangalifu mkubwa.

Maoni yangu ni kwamba makaratasi yaunganishwe, kwa sharti kwamba kazi yake itajwe tangu mwanzo na isigeuzwe kimyakimya. Wazazi waambiwe kwa lugha wanayoielewa. Anayetafiti asipewe majina, na anayesaka watu asipewe ufunguo.

Sisi huku tunazo kadi za kliniki na madaftari ya shule, na kompyuta zinayafuata moja baada ya jingine. Kenya wanayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, nasi Tanzania tunayo ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ni vema. Ila siri ya mtungi aijuaye ni kata: mama anayemweleza muuguzi habari za nyumbani kwake amemwazima siri, hajampa. Siku ile serikali itakapotaka kuitumia kwa jambo jingine, irudi kwanza imwombe ruhusa.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.