Kijana wa Newala Aendapo Chuoni Moshi

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mkorosho una kalenda yake, na chuo kikuu kina kalenda yake, na kalenda hizi mbili hazijapata kukubaliana. Mkorosho huchanua wakati wa kiangazi, mkulima akihangaika na salfa. Korosho huanza kudondoka Septemba au Oktoba, minada hufunguliwa, na fedha huingia katika akaunti ya mkulima baada ya mnunuzi kulipa. Chuo nacho humtaka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aripoti Oktoba au Novemba. Hivyo siku ambayo mzazi anatakiwa kutoa fedha nyingi kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka, mali yake iko chini ya mkorosho, au iko ghalani, au imeandikwa katika stakabadhi, lakini haimo mfukoni.

Hapo ndipo mnunuzi wa kangomba anapopiga hodi. Huja korosho zingali mtini, akiwa na noti mkononi na bakuli kwapani, naye hununua kwa bei aipendayo yeye. Biashara hiyo imekatazwa, na kila mtu anajua kuwa imekatazwa. Hata hivyo, mwisho wa msimu katibu hufungua daftari akamwona mwanachama aliyezoea kuleta magunia kumi ameleta matatu, na mwenyewe akiulizwa hutazama chini. Wapo waliouza kwa tamaa, hilo halikataliki. Lakini wapo pia waliouza kwa sababu barua ya udahili ilifika ikakuta ndani hamna senti. Wengine huweka rehani mikorosho yenyewe, na mtoto akifika mwaka wa pili wa masomo mzazi hana cha kuvuna.

Mazungumzo haya yanahusu namna ya kumfikisha kijana chuoni bila kupitia mlango huo.

Na uchukuliwe mfano wa binti wa mwanachama katika kijiji kimoja cha Newala, aliyemaliza kidato cha sita na kuchaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Chuo hicho si kigeni kwa wanaushirika. Kilianza mwaka 1963 kikiwa Chuo cha Ushirika, mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na mwaka 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Makatibu wengi wa zamani walijifunzia hapo kufunga mahesabu. Kutoka Newala hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 1,000, kusini kabisa mwa nchi hadi chini ya mlima Kilimanjaro, na katika nyumba ya binti huyo hakuna aliyewahi kuvuka Dar es Salaam.

Jambo la kwanza ni fedha. Fedha za safari ya Oktoba hazina budi kuwa fedha za korosho za msimu uliotangulia. Mzazi hashtukizwi na chuo: tangu mtoto anapoingia kidato cha tano, misimu miwili ya mavuno iko mbele yake. Lililo gumu ni kuzitenga fedha siku ileile zinapoingia, kabla ya bati, pikipiki na sherehe za jando na unyago kudai haki zao. Katika nyumba za Wamakonde na Wamakua, ambako ukoo hufuata upande wa mama, yafaa mjomba aitwe katika kikao hicho tangu mwanzo. Mjomba aliyeshirikishwa Desemba huwa mchangiaji. Aliyeambiwa Oktoba huwa mlalamikaji, na pengine ana haki. Fedha hizo ziwekwe katika chama cha akiba na mikopo au benki, zisiwekwe chini ya godoro.

Asiwepo wa kujipa moyo kuwa malipo ya msimu mpya yatawahi. Msimu wa 2018/2019 Serikali ilinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei iliyofurahisha wengi, lakini uhakiki ulichukua muda na wakulima wengi waliupokea mwaka 2019 wakiwa bado wanangoja. Kijana aliyetegemea fedha hizo kwa usajili wa Novemba alikuwa hana la kufanya.

Wazazi wengi husema, “Mkopo wa Serikali upo.” Upo, na ni msaada mkubwa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi mwaka uliofuata. Posho ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Lakini mkopo huo hautolewi kwa kila aombaye, wala hautolewi kwa kila mmoja kwa kiwango kimoja. Tena haulipi nauli ya kumtoa kijana nyumbani, na posho haitoki kabla mwanafunzi hajasajiliwa chuoni na kutia sahihi. Kati ya siku anayoshuka kwenye basi na siku posho inapotoka zaweza kupita wiki kadhaa. Katika wiki hizo anakula, analala, ananunua madaftari na kulipa michango inayotakiwa kabla ya usajili. Wiki hizo ni za mzazi, na bajeti ya safari isiyozihesabu ni nusu bajeti.

Wazee watakumbuka kwamba zamani mambo hayakuwa hivi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, kijana aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kwanza afanye kazi na kupata mapendekezo ndipo aende chuo kikuu, na gharama za masomo zilibebwa na Serikali. Kumbukumbu hiyo ni nzuri kwa mazungumzo ya jioni, ila leo hailipi nauli.

Jambo la pili ni karatasi, na hapa katibu ana kazi kubwa kuliko anavyodhani. Mara nyingi safari hukwama kwa jina. Binti aliandikwa jina moja katika cheti cha kuzaliwa, akaitwa jingine shuleni, na alipotoka unyagoni akapewa la tatu, ambalo ndilo nyanya yake analolijua. Cheti cha kidato cha nne kina jina la baba likiwa na herufi moja zaidi. Kitambulisho cha taifa kina jina la babu. Nyumbani haya ni mambo ya kuchekesha. Mbele ya ofisa wa udahili, na katika maombi ya mkopo, hao ni watu watatu tofauti. Kosa hilo hurekebishwa kwa hati ya kiapo, au kwa kusahihisha kumbukumbu katika ofisi ya vizazi na vifo, lakini kazi hiyo huhitaji siku, na wakati mwingine wiki, wala haifanyiki ndani ya basi. Kwa hiyo karatasi zote zitandazwe mezani mara tu mtihani wa kidato cha sita unapokwisha mwezi Mei, zisomwe jina kwa jina, herufi kwa herufi. Mzazi asiyejua kusoma vizuri aje ofisini kwa chama. Katibu anayeweza kulinganisha stakabadhi za ghala na orodha ya malipo hashindwi kulinganisha vyeti vitatu.

Fomu ya mkopo huhitaji sahihi za serikali ya kijiji na za kamishna wa viapo, na fomu ya afya hujazwa na daktari. Ofisa asiyekuwepo leo yupo kesho. Ndiyo sababu siku za mwisho zisingojwe. Nakala za vyeti zitolewe za kutosha na picha ndogo zipigwe. Aidha, barua ya udahili isomwe hadi ukurasa wa mwisho, maana mambo yaliyo muhimu, kama namba ya kulipia na tarehe ya mwisho ya usajili, aghalabu hukaa huko. Malipo yafanywe kwa namba iliyotolewa na chuo tu. Kila mwaka hutokea watu wanaopiga simu wakijidai kuwa wanaweza kumpatia kijana chumba au mkopo kwa ada ndogo. Mzazi apokeaye simu ya namna hiyo aikate.

Baada ya hayo ndipo safari yenyewe. Kutoka Newala msafiri huteremka Masasi, akatokea barabara ya pwani Mingoyo, kisha Lindi, Nangurukuru, Somanga, na Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji. Kabla daraja hilo halijafunguliwa mwaka 2003 abiria walivuka kwa kivuko, na mvua zikizidi walilala ng’ambo. Watu wamesahau haraka. Lakini Mei 2024 mafuriko yaliikata barabara hiyohiyo eneo la Somanga, na Kusini ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Oktoba kwa kawaida si mwezi wa mafuriko. Hata hivyo kijana aondoke mapema kiasi kwamba basi likiharibika au njia ikifungwa, usajili usimpite. Siku nne kabla si nyingi.

Pabaya zaidi pa safari hii ni Dar es Salaam. Barabara ya Kilwa huingilia mjini Mbagala, ilhali mabasi ya kaskazini huondokea Kituo cha Magufuli kilichoko Mbezi, kilichofunguliwa mwaka 2021 kuchukua nafasi ya Ubungo. Kati ya Mbagala na Mbezi kuna mji mzima wa kuvuka, na msongamano wa magari haujui kuwa kuna mgeni mwenye tranka. Kijana anayeshuka saa mbili usiku, simu imezima chaji, hajui aendako, ndiye wanayemtafuta wezi. Basi na iamuliwe kabla hajaondoka: atalala kwa nani, nani atampokea na wapi hasa, na namba za simu ziandikwe kwenye karatasi pia. Asubuhi apelekwe Mbezi na mwenyeji, apande basi linalofika Moshi kungali mchana. Ndugu wa mjini aulizwe mapema na kwa heshima. Kumtumia mtu mgeni kwa ujumbe wa jana yake si ujamaa.

Je, binti asindikizwe hadi Moshi? Akina mama wengi watasema ndiyo, na woga wao una sababu. Lakini msindikizaji mmoja ana nauli ya kwenda na ya kurudi, chakula na malazi, na jumla yake yakaribia kumlisha mwanafunzi kwa wiki kadhaa. Ipo njia nafuu, ambayo chama kikuu ndicho kinachoweza kuifungua. Kila katibu anajua ni mwanachama gani ana mtoto aliyechaguliwa na chuo kipi. Majina hayo yakifika chama kikuu mwezi Septemba, yataonekana mambo ambayo kijiji kimoja hakiwezi kuyaona: kwamba kutoka Tandahimba kuna kijana aendaye Moshi, na kutoka Masasi wapo wawili, na mmoja yuko mwaka wa tatu na njia anaijua. Wakasafiri pamoja. Huduma hiyo haihitaji gari wala bajeti. Inahitaji daftari na simu. Idhini ya mzazi itakiwe kabla jina la mtoto halijapelekwa popote.

Kuhusu mizigo, maneno machache yatosha. Godoro na ndoo vipo Moshi, na kuvisafirisha kwaweza kugharimu kuliko kuvinunua. Shuka, chandarua na sweta vichukuliwe. Baridi ya Moshi hushika hasa Juni na Julai, na ikifika mwanafunzi aweza kupata koti katika soko la Memorial kwa bei ya kuelewana. Vyeti vyote vikae katika mkoba unaopakatwa, kamwe visiwekwe kwenye buti la basi. Fedha zibaki katika simu au benki, mkononi iwe ya njiani tu. Korosho za kubangua zisisahauliwe, kilo mbili au tatu: ni chakula cha safari, na chumbani hufungua urafiki upesi kuliko maneno.

Chumba chenyewe kiombwe ndani ya chuo mara maombi yanapofunguliwa, kwa kuwa mabweni hayatoshi wote. Anayekosa atapanga mtaani, na wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Asilipe chumba asichokiona kwa macho, wala asilipe bila kuandikiana. Wawili wakishirikiana kodi hupungua, na hapo tena faida ya kusafiri pamoja huonekana.

Linabaki swali la chama kusaidia kwa fedha. Baadhi ya wanachama hutaja msingi wa tano wa ushirika, ule wa elimu. Msingi huo wahusu elimu ya ushirika kwa wanachama, viongozi na watumishi, wala si nauli za watoto wao. Katibu asiutumie kufungulia sanduku. Chama kikitaka kuwa na makato ya hiari kwa ajili ya wanaoenda vyuoni, jambo hilo liletwe mbele ya mkutano mkuu, liandikwe katika muhtasari, na kila anayekatwa awe ameridhia kwa sahihi yake. Mwanachama atakayekatwa bila kuulizwa, hata kwa jambo jema, mwaka ujao atampelekea kangomba.

Ukurasa mmoja wa daftari la chama utatosha kuanzia: jina la mwanachama, kidato cha mtoto, mwaka anaotazamiwa kumaliza, na kama vyeti vimelinganishwa. Ukurasa huo usomwe Desemba, siku ya orodha ya malipo, mzazi akiwa angali mbele ya meza ya katibu.