Nani Atarudisha Gharama za Lile Tangi?

(Maneno ya Kamati mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ajili ya waliokuwa shambani.)

Kina mama mlio nyuma sogeeni, maneno haya yanahusu mfuko wetu sote.

Mlituuliza mkutano uliopita: fedha tulizotumia kufukua lile tangi la dizeli nyuma ya ghala, na kuondoa udongo uliolowa, zitarudi? Na kama zitarudi, tumdai nani?

Kwanza tukumbushane. Uwanja ule tuliununua na tangi lake chini. Mwenyewe wa zamani alikuwa na malori. Mkataba wa kuuziana hautaji tangi hata kwa neno moja, na sisi tuliotia sahihi hatukuuliza. Tangi la chuma likikaa ardhini miaka mingi bila kinga huliwa na kutu, na mafuta hayapigi kelele yakitoka. Ardhi yetu ni kichanga. Dizeli inashuka mpaka kwenye maji, inaelea juu yake na kutembea nayo. Ndiyo sababu kisima cha chini ya miembe kilinuka. Njia ile ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji, watu wamepita wakinywa maji hapa. Ni sisi wa leo tulioonja dizeli.

Vijana wamesikia kwamba Marekani mtu huandika maombi akarudishiwa gharama. Ni kweli. Mwaka 1986 serikali yao ilianzisha mfuko wa matangi yanayovuja, uliochangiwa kwa kodi ya sehemu ya kumi ya senti kwa kila galoni. Kanuni za 1988 zikamtaka mwenye tangi aonyeshe uwezo wa kulipia usafishaji, na majimbo mengi yakaunda mifuko yao. Mwenye tangi hutoa taarifa, mpango wake wa kusafisha hukubaliwa, kisha hupeleka ankara na stakabadhi. Tena mara nyingi sehemu ya kwanza ya gharama humbakia mwenyewe.

Hapa kwetu njia ni nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inashika kanuni kwamba aliyechafua ndiye alipe. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, linaweza kumpa mtu amri ya kurudisha ardhi katika hali yake na kuwafidia walioumia. Kwa hiyo jamani, hili si ombi kwa mfuko, ni madai dhidi ya mtu. Na mtu atajitetea. Atasema tangi lilivuja mikononi mwetu. Tena kuna ukomo: kwa Sheria ya Ukomo ya 1971, madai ya madhara kama haya yana miaka 3 tu. Tukingoja mavuno mengine mawili matatu tumekwisha.

Sasa tuseme ukweli, hata kama unatuuma Kamati. Tulifanya haraka. Udongo tuliumwaga bondeni kabla hata bwana mazingira wa wilaya hajauona. Vibarua tuliwalipa mkononi bila stakabadhi. Fundi aliyekata tangi tulimpa chuma chake kiwe ujira, na pale penye tundu la kutu ndipo palipokuwa shahidi wetu mkubwa. Bahati njema, kipande kimoja kimebaki kwake na amekubali kukirudisha.

Kilichobaki kisipotee. Daftari la litre zilizoingia na zilizotoka, tangu tulipoanza kuweka dizeli ya trekta, lipo kwa katibu. Hilo ndilo litakaloonyesha kama mafuta yaliyopotea ni yetu au ya zamani. Barua kwa halmashauri na kwa NEMC imeandikwa, itasomwa kwenu kabla ya kupelekwa. Vibarua wote saba waje kutia dole gumba kwenye hati za malipo.

Kisima tumekizungushia miiba. Asichote mtu hata maji ya kufulia, mpaka yapimwe. Mwenye picha ya lile shimo, hata ya simu, aifikishe kwa katibu kabla ya Jumamosi.