Buu Tunayemdharau

Leo tuna habari za kiumbe asiyetajwa mezani, yaani buu, mtoto wa nzi. Mtuwie radhi ikiwa mnakula.

Mkulima humjua buu kama adui. Nzi mmoja wa matunda, aliyetoka Asia, alionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003. Jike hutoboa embe na kutaga mayai ndani, na mabuu hula tunda mpaka likaoza na kuanguka. Kwa sababu ya nzi hao Kenya iliacha kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, na biashara hiyo ilirudi mwaka 2021. Basi embe lililoanguka lisiachwe chini ya mti. Tulizike, na shimo liwe refu.

Lakini mvuvi humwona buu kwa macho mengine. Huko Uingereza wavuvi wa mitoni hununua mabuu dukani na kuwatunga kwenye ndoana. Adui wa shamba ni chambo cha samaki.

Na daktari je? Mwaka 1917, katika vita huko Ufaransa, daktari Mmarekani aitwaye William Baer aliletewa askari wawili waliolala uwanjani siku saba bila chakula wala maji. Mifupa ya mapaja ilikuwa imevunjika, na matumbo yalikuwa na majeraha. Walitazamiwa kufa, lakini hawakuwa hata na homa. Vidonda vilipofunuliwa vilikuwa vimejaa mabuu, na chini yao palikuwa na nyama mpya, nyekundu na safi.

Baer hakusahau. Baada ya miaka kumi hivi, mjini Baltimore, aliwatibu kwa mabuu watoto wenye usaha mifupani. Wagonjwa wengine walipopatwa na pepopunda, alitafuta njia ya kuyasafisha mayai ya nzi kwa dawa. Penisilini ilipoenea, mabuu waliachwa. Vijidudu vilipozizoea dawa, madaktari waliwarudia, na mwaka 2004 Marekani iliwaruhusu rasmi. Mabuu hao hutoa maji yanayoyeyusha nyama iliyokufa, nao huinywa. Nyama iliyo hai huiacha.

Jihadharini: hao ni mabuu waliolelewa kwa usafi na kuwekwa na daktari. Nzi wa chooni asikaribie kidonda chako. Huleta maradhi.

Ndugu zetu, kwa nini tunayasema haya? Kwa sababu nyumbani mwetu wamo watu wenye vidonda vilivyofichwa. Mama ana kisukari, mguu umeanza kunuka, naye huufunga kitambaa na kusema hajambo. Anaona haya. Anaogopa kwamba wajukuu watahama chumba chake. Siku anapofika hospitali, mara nyingi lililobaki ni kuukata mguu.

Haya ndiyo inayokata miguu hiyo, kabla ya msumeno wa daktari. Ayubu hakuona haya kuyataja mabuu ya mwili wake mbele ya rafiki zake. Na sisi tusiwe rafiki wa kuziba pua. Jioni hii tumwombe mzee wetu atuonyeshe miguu yake. Tuioshe, tuitazame hata nyayo, na pakiwa na kidonda, kesho asubuhi tumpeleke kwa daktari.

Mungu aliyemwumba hata buu atupe mikono isiyochukizwa. Kwaherini.