Barua Pepe ya Biashara kwa Programu Huria: Je, Ziko Tayari?

Mhadhara kwa wenye biashara ndogo na za kati, Kaunti ya Kisumu



Swali la leo ni fupi. Je, biashara inaweza kuendesha barua pepe zake kwa programu huria, zile zisizotozwa ada ya leseni, bila kupoteza wateja wala kumbukumbu? Jibu lina pande mbili. Kwa programu ya kusomea na kuandikia barua, jibu ni ndiyo, hata leo. Kwa seva ya kupokea na kusambaza barua, jibu ni ndiyo, ikiwa yuko mtu wa kuitunza. Anayechanganya pande hizi mbili ndiye anayeumia.

Jambo hili lina uzito kwa sababu barua pepe ni mlango wa ofisi. Mlipa ushuru akisahau nywila ya iTax, njia ya kuipata tena hupitia kwenye anwani yake ya barua pepe. Humo ndimo huingia ankara, majibu ya zabuni na maagizo ya wateja. Hata hivyo, wako wenye biashara ambao anwani yao ilifunguliwa na mhudumu wa saiba, au na karani aliyekwisha kuacha kazi. Siku mtu huyo asipopatikana, biashara imefungiwa nje ya mlango wake yenyewe.

Programu huria ni nini?

Ni programu ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi. Yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kuyasambaza kwa kufuata leseni yake. Ndiyo sababu mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliweza kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Huria si sawa na kutogharimu chochote. Leseni hailipiwi, lakini muda, mafunzo na matengenezo vina gharama.

Upande wa kwanza: kusoma na kuandika

Programu inayojulikana zaidi hapa ni Thunderbird. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2004. Inafanya kazi kwenye kompyuta za Windows, Mac na Linux, ina kalenda ndani yake, na tangu mwaka 2020 ina njia ya kufunga barua za siri kwa ufunguo bila kuongeza programu nyingine. Oktoba 2024 lilitoka toleo la simu za Android, lililojengwa juu ya programu huria ya K-9 Mail. Mwenye iPhone anaweza kufungua anwani ileile kwa programu ya barua iliyomo ndani ya simu yake.

Wengine huuliza: programu isiyo na muuzaji ikiachwa, itakuwaje? Swali hilo lilijibiwa kwa vitendo. Mwaka 2012 Mozilla ilitangaza kupunguza nguvu zake kwenye Thunderbird. Kwa kuwa maandishi yake yalikuwa wazi, wachangiaji waliendelea kuitunza, na leo inaendeshwa hasa kwa michango ya watumiaji. Serikali nazo zimeiamini. Mwaka 2025 jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, lilihamisha visanduku vya barua zaidi ya 40,000 vya watumishi wake hadi Open-Xchange na Thunderbird.

Kwa mfanyabiashara wa ufuoni kuna faida nyingine. Programu ya aina hii ikipangwa ipasavyo huweka nakala ya barua ndani ya kompyuta. Mtandao ukikatika au bando likiisha, ankara ya mwezi uliopita bado inasomeka, na jibu linaandikwa likisubiri mtandao urudi. Anwani ya sasa haibadilishwi. Thunderbird husoma hata anwani ya Gmail au Yahoo.

Upande wa pili: seva

Seva ndiyo posta yenyewe. Programu huria zake si changa. Postfix ilitolewa mwaka 1998 na Dovecot mwaka 2002, na kampuni nyingi zinazouza huduma ya barua pepe duniani huzitegemea. Roundcube humwezesha mtu kusoma barua kupitia kivinjari. Kwa hiyo ubora wa programu si tatizo. Tatizo ni nani atakayeamka saa nane za usiku seva ikizimika.

Seva iliyowekwa nyuma ya duka inahitaji umeme usiokatika, intaneti ya kudumu, masasisho ya usalama, kinga dhidi ya barua taka, na nakala za akiba. Tena inahitaji kuaminiwa na posta nyingine. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti: watumaji huthibitisha anwani zao kwa njia za SPF au DKIM, na wanaotuma barua nyingi, kama 5,000 kwa siku, hutakiwa kuwa nazo zote mbili pamoja na DMARC. Maneno haya ni kama mihuri ya posta. Ikikosekana, kotesheni ya mwenye duka huangukia kwenye barua taka, naye hukaa akidhani mteja amemdharau.

Ushauri kwa duka lenye watu watatu ni huu: lisijenge seva. Likodishe huduma kwa kampuni inayotumia programu hizi, kisha liulize maswali manne. Mihuri hiyo mitatu imewekwa? Nakala za akiba huchukuliwa kila baada ya muda gani? Barua zote zinaweza kuhamishwa siku ya kuondoka? Nani hupokea simu kukiwa na hitilafu? Shule kubwa, hospitali au chama cha ushirika chenye fundi wa kudumu kinaweza kuendesha seva yake, mradi fundi asiwe mmoja tu anayejua kila kitu.

Jina ni mali

Liwe lolote litakalochaguliwa, jina linalofuata alama ya @ liwe la biashara yenyewe. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KENIC, na huuzwa na wasajili walioidhinishwa. La kampuni huishia na .co.ke. Lisajiliwe kwa jina la mwenye biashara, si la fundi, na lilipiwe kabla ya muda kwisha. Mwenye jina lake anaweza kubadilisha kampuni ya huduma bila mteja hata mmoja kupoteza anwani.

Sheria na tahadhari

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za wateja azilinde. Taarifa hizo zikiingiliwa na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwa wahusika, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72. Kutumia programu huria hakumwondolei mtu wajibu huo, wala kulipia leseni hakumwondolei.

Hakuna programu inayozuia ulaghai peke yake. Barua ikidai kwamba nambari ya malipo imebadilika, mpigie muuzaji simu kwa nambari iliyokuwapo tangu zamani, kisha ulipe.

La kufanya wiki hii

Kwanza, hakikisha nywila ya anwani ya biashara iko mikononi mwa mwenye biashara, na uthibitisho wa hatua mbili umewashwa. Pili, weka Thunderbird kwenye kompyuta moja na uijaribu kwa anwani iliyopo kwa mwezi mmoja. Tatu, nakili barua za muhimu kwenye diski ya nje, na uifungue uone kama zinasomeka. Nne, sajili jina la biashara kabla hujahama popote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Barua pepe ni daftari la siku hizi. Programu za kulitunza ziko tayari. Kazi iliyobaki ni kila biashara kujua ni nani anayelishika.