Muwati Si Kuni Tu



Jamaa ya mgunga inayostawi kwetu Ikonge ni muwati. Asili yake ni Australia. Uliletwa Kenya mwaka 1903, gome lake likauzwa kwa kutengenezea ngozi. Leo mchuuzi huja shambani akaununua ungali umesimama, kwa bei ya kuni na makaa. Nasi twakubali, kwa kuwa karo ya watoto inangoja. Kisha twaenda mjini kununua kiti kwa bei kubwa.

Muwati ni mti mgumu na mzito, wafaa viti na meza. Kinachouharibu ni haraka yetu. Sisi wa reli twajua: taruma la mbao mbichi hupasuka, na msumari hulegea. Kiti nacho ni vivyo hivyo. Tupasue mbao, tuzipange kivulini tukiweka vijiti kati yake, hewa ipite. Kwa kila inchi 1 ya unene tungoje karibu mwaka 1. Sehemu nyeupe ya nje tuiondoe, maana wadudu huipenda.

Mwenye miti michache hawezi kungoja peke yake. Basi tuchange, mwenye shida akopeshwe karo, na maseremala wauziwe mbao kavu.