Chipukizi Lisilo na Mkataba
Mnyauko wa migomba, maradhi ya bakteria yaliyodhihiri Uganda mwaka 2001 na kuingia mkoa wa Kagera, Tanzania, miaka michache baadaye, hauna dawa. Mkulima wa Karagwe, mkoani humo, auonapo utomvu wa manjano, hana khiyari ila kuukata mgomba uliowalisha wazee wake.

Huko Kawanda, Uganda, wataalamu waliitia migomba jeni za pilipili hoho, nayo ikastahimili maradhi hayo katika majaribio ya shambani. Jeni hizo zilitolewa bila malipo, kwa leseni, na taasisi ya Academia Sinica ya Taiwan. Ihsani hiyo naistahi, lakini kisichotozwa leo bado kina mwenyewe, ilhali kwetu chipukizi la mgomba hupewa jirani, mkwe na mgeni bila mkataba wowote.

Mwaka 2017 Bunge la Uganda lilipitisha mswada wa bayoteknolojia, wa kusimamia mazao ya namna hiyo, Rais Museveni akakataa kuutia saini. Tanzania nayo ikasimamisha majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa jeni huko Makutupora, Dodoma, Novemba 2018. Lakini ndizi za kupika, ambazo karibu hazina mbegu, husafiri kwa mkono wa mtu, na pale Murongo, wilayani Kyerwa, jamaa huvuka mpaka wa Uganda kwa harusi na matanga. Hivyo yatakayoamuliwa Kampala huenda yakaota Kyerwa kabla Dodoma haijatamka neno.

Naona ni dhuluma mkulima wa Karagwe na Kyerwa kuulizwa mwisho. Aelezwe sasa, kwa Kinyambo ikilazimu, mgomba huo wenye jeni za pilipili ni milki ya nani, na akiukataa atasaidiwa vipi kuunusuru alio nao.