Diski Haina Kosa
Wasikilizaji wa Nchelenge na mwambao wa Ziwa Mweru, wengi wanaohariri video za Umutomboko, sherehe ya chifu Mwata Kazembe ya kila Julai, wakiona picha inakwamakwama huilaumu diski. Lakini video ya simu ya mistari 1080 huhitaji takribani megabaiti 2 kwa sekunde, na hata diski ya kuzunguka husoma zaidi ya 50. Inayolemewa ni prosesa, inayofumua picha zilizobanwa, pamoja na RAM ya gigabaiti 4 iliyojaa. Ongezeni RAM, kisha haririni kwa nakala nyepesi za video. Kdenlive, programu ya bure, huzitengeneza, na video ya mwisho hutoka kwenye faili asilia. Mtasema diski ya SSD huharakisha kila kitu. Kweli, kompyuta huwaka upesi, lakini prosesa haifumui haraka zaidi.